Meza ya Mama Mkwe

Nimeendesha magari ya watu wengi kati ya Kitale na Bungoma, na sasa nimepita umri wa miaka arobaini bila kutulia popote. Lakini safari inayonichosha hadi leo ni fupi: kutoka ofisi za baraza la mji wa Bungoma hadi soko la barabarani.

Tajiri wangu alianza na ghala la mahindi Kitale, akafungua la pili nyumbani Bungoma, akawa diwani, kisha madiwani wenzake wakamchagua meya. Mimi nikatolewa kwenye lori nikapewa gari la bendera. Haukupita muda, baraza likaamua vibanda vyote vya barabarani viondolewe ili barabara ipanuliwe. Mama mkwe wake alikuwa na meza ya kuuza omena, dagaa wa ziwani, palepale. Ndiyo iliyomlisha.

Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe, wala hampi mkono. Miaka yote tajiri alipompelekea sukari, yeye alibaki mbali, nikaifikisha mimi. Wachuuzi walilijua hilo. Wakasema hawahami mpaka meya aje kuwaambia mwenyewe.

Akaenda, mkufu wa umeya shingoni. Walikuwa wamemketisha mama huyo mbele kabisa, juu ya gunia. Meya alipomwona aligeuka, akatazama ukuta wa choo, hotuba mkononi.

"Si uongee, Mheshimiwa!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Ama ni ukuta utahama?"

"Ati tuko na meya wa choo, bana!" mwingine akadakia.

Soko zima likacheka. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Tukarudi garini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya askari wa baraza kufika, meya alinituma nimpelekee mama sukari. Nilimkuta anafunga omena guniani.

"Jana wamenifanya jiwe la kufungia njia," alisema. "Nimezeeka, sitaki kuaibisha mtoto wa watu. Mwambie njia iko wazi. Apite."

Nikambebea meza hadi nyumbani kwake. Niliporudi sokoni, wachuuzi wengine walikuwa wameanza kushusha maturubai, mmoja mmoja.

"Alikuwa na hasira?" meya aliniuliza.

"Hapana, mzee. Alikuwa amechoka."

Barabara ikapanuliwa, ikawekwa lami. Lakini mpaka muhula wake ukaisha, kila tulipoikaribia alisogeza mkufu shingoni na kuniambia, "Zunguka." Nami nikakata kona, tukapita nyuma, kwenye matope.