Memori Kadi Kwenye Redio ya Mama Mkwe

Mimi, mtu mzima mwenye digrii, niliamua kuiruti simu yangu mwenyewe hapa nyumbani Singida. Kuiruti ni kuvunja kufuli la kiwandani ili uwe bosi wa simu yako, na kazi hiyo hufuta kila kitu kilichomo. Mimi si mjinga. Kwanza nilinakili picha, namba na rekodi zangu zote kwenye memori kadi, nikaichomoa.

Kadi yenyewe ni kama ukucha, ingeweza kupotea. Nikaificha kwenye tundu la redio ndogo ya mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kiomboi tangu mavuno ya alizeti. Yeye husikiliza taarifa ya habari tu. Niliamini hata hajui kama tundu lile lipo.

Simu ikakubali. Nilikuwa chumbani najipongeza wakati akina mama wa jumuiya ya kanisa walipofika sebuleni kusali. Mama mkwe akawasha redio awatafutie kwaya. Redio hizo zikikuta kadi, huanza na kadi.

Ikasikika sauti yangu, nikijirekodi rasimu ya makala: "Waliosema mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakuwahi kutembelewa na mkwe. Wangu anaingia msimu wa pili, na jembe analikwepa kama nyoka."

Nilipofika sebuleni, wageni walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

"Marahaba, baba. Jembe liko wapi?"