Jicho la Dhahabu

Mwanamke anayeponda mawe kwenye machimbo ya dhahabu ya Malinya hana haraka na jiwe la kijani. Mawe mengine huyatwanga bila kuyatazama, ila hilo hulitemea mate kwanza, akalisugua kwa kidole gumba mpaka michirizi yake ing'ae kama jani changa la muwa. Mjini wanalivaa masikioni, ati ni pambo. Wachimbaji huliita jicho la dhahabu. Wanaamini likionekana, dhahabu iko chini yake tu, basi hakuna anayekumbuka kuweka miti ya kuzuia udongo usiporomoke shimoni.

Jana kijana mmoja alitoka shimoni akipiga kelele, "Mama, ona! Jicho imetoka!" Wenzake wakashangilia. Mama akalipokea, akalitemea mate, akalisugua, kisha akalipiga nyundo. Ni jiwe laini. Likawa unga, na vidole vyake vikageuka kijani hadi kwenye kucha. "Mwanangu Shivachi pia aliniletea moja," akasema. "Nikampigia vigelegele, akarudi chini. Hata mwili hawakutoa."

Kijana akautazama ule unga, akakaza kamba kiunoni, akashuka. Wenzake wakamfuata. Miti ilibaki juu, imelala kwenye jua.