Mjomba Aliyedai Jina Lake

Kama una kicheko, cheka sasa umalize, kisha nisikilize. Miguu iliyosimama kwenye maji yale ni hii yangu, na waliokuwa kando yangu ni baba na mama walionizaa. Sikusimuliwa na mtu.

Tulikaa Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na pazia katikati. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Kila mwaka alipewa pasi ya kusafiri bure na familia, na kila mwaka tuliitumia kwenda kwetu magharibi. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mama akasema, "Safari hii twende Mombasa, hata kama ni wikendi moja tu. Nataka nitembee pale alipopotelea ndugu yangu." Baba alitaka kubisha, lakini mama hakuwa amelala vizuri tangu Pasaka. Ndugu yake alimjia ndotoni akilalamika kwamba kuna kitu kimelazwa kitandani pake.

Nikueleze kuhusu huyo mjomba. Alienda pwani akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akawa mpishi katika nyumba ya Mzungu. Siku moja bahari ilipokupwa, akatembea mbali kwenye miamba kutafuta pweza. Mtu wa bara anajua mito tu. Kwetu mto ukishuka, umeshuka mpaka mvua nyingine. Bahari haingoji mvua; hurudi siku ile ile. Zilipatikana akala zake, zile ndara za tairi, juu ya jiwe, basi. Babu alingoja mwaka mzima, kisha akafanya ifanywavyo kwetu mwili usipopatikana: akakata mgomba, akaufunika shuka, akauzika, na watu wakalia.

Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Nililia siku tatu bila kunyonya. Bibi akaanza kutaja majina ya wafu wetu, moja baada ya jingine, na alipotaja la mjomba nikanyamaza, nikashika titi. Kwa hiyo nikapewa jina lake. Nani angejua?

Tulifika Jumamosi asubuhi, tukavuka kwa feri, tukapanda basi hadi mwisho wa njia, kisha tukashika ufuko kwa miguu. Mama alibeba chapati kwenye kikapu. Baba, viatu mkononi, alitutania kwamba afadhali kutembea juu ya mataruma ya reli kuliko mchanga huu. Nilifurahi, kusema kweli. Sikuwa nimewahi kuwaona wazazi wangu wakitembea bila haraka.

Saa nane mchana, jua kali, tulifika kwenye miamba. Usidhani mambo haya hungoja giza. Maji yalikuwa mbali, na juu ya jiwe moja alikaa kijana miguu mitupu, shati limelowa.

"Habari ya hapa, kijana?" baba akamsalimu.

 Yule alimtazama mama, akasema kwa lugha ya kwetu, "Dada Nekesa, umezeeka."

Nilimwona uso. Niamini, ulikuwa ule ninaouona kwenye kioo nikinyoa ndevu. Mama akaangusha kikapu.

"Kitandani pangu mmelaza nini?" yule kijana akauliza.

"Mgomba," mama akasema. "Tulikukosa, ndugu yangu. Tungefanya nini?"

"Na jina langu mmempa nani?"

Mama akanitupia jicho. Ndipo akanigeukia, akaniita kwa jina letu. Baba alinikamata shati kwa nyuma. "Usiitike," akaninong'oneza. "Hata akuite mara mia." Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka, na maji, sijui yalirudi saa ngapi, yalikuwa magotini. Nilijaribu kuinua mguu, ukakataa. Niliogopa sana. Nilijua kwamba nikiitika nitaenda naye.

Akaniita tena. Mama akaingia katikati yetu, maji yakimfika kiunoni.

"Jina ni lako," akamwambia. "Lichukue leo. Lakini mtoto ni wangu."

 Kijana yule akainamisha kichwa, kama mtu aliyepewa haki yake, akageuka, akatembea kuelekea maji makuu bila kutazama nyuma. Miguu yangu ikafunguka. Tulikimbia hadi barabarani, na chapati zetu tukaziachia bahari.

Mwezi huo huo mama alienda nyumbani, akasimamia wazee wakafukua ule mgomba. Tangu hapo akalala usingizi. Mimi hakuniita tena kwa lile jina, wala baba. Nilibaki "mwanangu" tu, na kwenye kitambulisho likabaki limeandikwa, kwa sababu serikali haielewi mambo haya.

Miaka ilipita, tukamzika mama. Mchungaji alisoma majina ya watoto wake kutoka kwenye karatasi. Alipofika kwa langu nilifunga mdomo, na nyuma ya umati mtu akaitika, kwa sauti tulivu. Hakuna aliyegeuka. Ila mzee wangu alinishika shati kwa nyuma.

Kwa hiyo nakuonya. Kama kwenu kuna aliyepotea na hamkuuona mwili, mlilieni, mngojeni, lakini jina lake msimpe mtoto. Na mimi tukikutana, tafadhali usiniulize naitwa nani. Niite mtoto wa Nekesa, nitaitika.