Ukuta wa Chumba cha Mwali

Miaka ile baada ya vita kuu ya pili, binti yangu wa kwanza alipovunja ungo, mke wangu, ambaye kwao ni Lindi, alimwita kungwi wa mtaa wa pili hapa Temeke, wakamweka mwali ndani. Sikupinga. Adabu na usafi ni mafunzo mema, na baba hana ulimi wa kuyasema.

Lakini asubuhi moja mlango uliachwa wazi kidogo, nikauona ukuta. Kungwi alikuwa ameuchora: pembetatu zilizopandana kwa udongo mweupe wa Pugu, duara la masizi, na katikati ya duara nukta nyekundu. Hapakuwa na mtu wala mnyama, wala kitu chochote ambacho jicho lingekitambua.

"Hii ni nini?" nikamwuliza mke wangu.

"Ukuta, mume wangu."

"Nauliza hiyo michoro!"

Kungwi akadakia kutoka ndani: "Mwambie mwalimu aote matiti kwanza, ndipo aje asomeshwe!"

Wakacheka wote wawili.

Mimi niliyefundisha watoto katika chuo cha Kurani kwamba Mungu hana mshirika nilitaka kujua jambo moja tu: je, mwanangu alikuwa akifundishwa kuliogopa duara lile? Nikavigeukia vitabu vyangu nitafute hukumu. Nilipoufungua msahafu, ukurasa wa kwanza ulikuwa na nyota ya pembe nane, ndani yake duara, na ndani ya duara nukta ya dhahabu. Nilikuwa nikiubusu ukurasa ule tangu utotoni, wala sikuwahi kuuliza maana yake. Nikaufunga, nisijue kama nimeogopa ukurasa au ukuta.

Hata hivyo shaka si ruhusa. Siku mwali alipotolewa nilikoroga chokaa, nikaingia na ndoo. Mke wangu akaipokea kana kwamba ndiye aliyeniagiza.

"Ahsante. Ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta."

"Mnafuta wenyewe?"

"Mwali ameshaona. Ikae ifanye nini?"

Akafuta pembetatu, akafuta duara. Alipoifikia nukta nilijikuta nikimwambia angoje kidogo. Hakungoja.

Magharibi binti yangu akatandika mkeka mumo humo, maana ukuta ule ulielekea kibla.

"Ulionyeshwa nini humu, mwanangu?"

"Ukuta, baba."

Akajifunika, akapatazama kitambo mahali palipokuwa na nukta, kisha akainamisha macho kama nilivyomfundisha, akaanza kuswali. Nilibaki mlangoni, nisijue nimwombee msamaha au nijipange nyuma yake.