Kapu Lililompikia Mama Mkwe

Siku nilipofunua kapu na kukuta maharage yameiva, nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani nimeumwa na nyoka. "Yameiva!" nilimwambia. "Yameiva yenyewe!" Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye nguo zake za kufua.

Hakujua nilikotoka. Mke wangu alikuwa Dodoma akisomea uuguzi, na mimi fundi seremala nilibaki Mandewa na mabinti wawili, mkubwa wa shule na mdogo wa miaka mitatu asiyejua kusubiri. Nikishika randa, maharage yananiita jikoni. Nikienda jikoni, mteja ananiita nje. Mwisho wa siku maharage yameungua na mteja ameondoka.

Ndipo nikaanza kutafuta njia zangu, na zilinikolea kweli kweli. Losheni ya dukani ilipoisha nikahamia mafuta ya alizeti, na miguu ya wanangu ikang'aa katika huu upepo wetu unaopasua midomo. Vipande vya sabuni tulivyozoea kuvitupa nilivikwangua, nikavichemsha, nikapata sabuni ya maji ya vyombo. Zipu ya begi la shule ikigoma, naipaka mshumaa. Sufuria kabla ya kuiweka motoni naipaka sabuni kwa nje, na baadaye masizi yanatoka kwa maji tu. Mara ya kwanza furaha ilinizidi nikapaka na ndani, tukala ugali wenye povu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota.

Lakini kapu! Nilichukua kapu kuukuu la mke wangu, nikashona mito miwili na kuijaza makapi ya alizeti, ambayo pale kwenye mashine ya kukamua mafuta wanakushukuru ukiwaondolea. Unachemsha chakula mpaka kitokote sawasawa, unafunika sufuria, unaizamisha katikati ya mito, unakwenda zako kazini. Ukirudi kimeiva, na bado cha moto. Hakiungui wala hakikuiti. Kila aliyekuja kuagiza kitanda alisimuliwa habari za kapu kabla ya kuambiwa bei.

Kisha mke wangu akapiga simu. Mama yake alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Iguguno, na si kusalimia tu.

"Anakuja kumchukua mdogo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Anasema mwanaume hawezi kulea peke yake. Akikuta nyumba imelala, jiko halijawashwa, anambeba, na mimi siwezi kumkatalia mama."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiyo kabisa."

Kweli tupu. Kwa mila zetu, mimi na mama mkwe wangu hatukai benchi moja, hatupeani mikono, hatuli pamoja. Neno lake kwangu hupitia kwa mtoto hata nikiwa nimesimama hapo hapo. Na kubwa kuliko yote, hawezi kula chakula kilichopikwa na mkwe wake wa kiume. Ni aibu yake na ni aibu yangu. Nikamwomba jirani aje apike, akakubali, nikashusha pumzi. Jumamosi asubuhi akaja amejifunga khanga mbili: amefiwa na shangazi yake, anaondoka sasa hivi.

Niliogopa. Dada yake alikuwa kwenye masomo ya ziada; nilimtazama yule mdogo akichezea maranda chini ya meza yangu ya kazi, nikaiona nyumba bila yeye, nikajua sitaweza. Nikachinja jogoo, nikamchemsha na viazi, nikamzamisha kwenye kapu. Nikazima jiko, nikazoa majivu, nikafagia uwanja.

Mama mkwe alifika jua likiwa kali, mkononi ana khanga mpya iliyokunjwa. Nilijua ni ya nini: ya kumbebea mtoto.

"Shikamoo mama," nikamwamkia kwa mbali.

"Marahaba baba," akaitikia akitazama pembeni, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Mimi nikaenda nyuma ya kona, nikajifanya napiga msasa mguu wa kiti, jicho moja na masikio yote kwake.

Alianza ukaguzi. Alipitisha kidole kwenye mguu wa mjukuu, ukateleza. Akageuza sufuria iliyoanikwa juani, akatafuta masizi, akayakosa. Kisha akaliona jiko limepoa.

"Mwulize baba yako, leo hapa hapawashwi moto?"

Binti yangu mdogo hakuona haja ya kuniuliza. "Chakula kimelala, bibi. Kimejifunika kwenye kapu. Njoo."

Nikasikia wanaingia jikoni, mto unaondolewa, mfuniko unafunuliwa. Harufu ya jogoo ikanifikia mpaka kwenye kona. Mama mkwe akasema kitu kwa Kinyiramba, taratibu, na mimi Mnyaturu sikuambulia kitu.

"Nani amepika?" akauliza.

Msasa ukasimama mkononi mwangu. Mtoto akijibu "baba", tumekwisha: chakula hakiliwi, na khanga inafunguliwa.

"Kapu," akasema mtoto.

Mama mkwe akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka, na nilitamani kuruka juu kwa furaha pale nyuma ya kona. Akaomba maji ya kunawa, akakaa mkekani na mjukuu wake, wakala. Alijua, bila shaka. Jogoo hajichinji. Nami nilijua kwamba anajua. Lakini mpishi alikuwa kapu, na kapu si mkwe wa mtu.

"Mwulize baba yako," akasema huku akitafuna, "ndani ya ile mito kuna nini?"

Sikungoja kuulizwa. "Makapi ya alizeti, mama!"

"Makapi?" Sauti yake ilipanda. "Mungu wangu! Sisi kule tunayachoma moto!"

Alasiri alisimama kuondoka, akaifungua ile khanga. Nilimtazama mwanangu amesimama kando yake amemshika gauni, tayari kwenda popote. Mama mkwe akaitandika khanga chini, akaingia jikoni, akatoka na kapu langu, mito na yote. Akaliweka katikati, akafunga pembe nne kwa mafundo makubwa.

"Mwambie baba yako, mimi nilikuja na khanga ya kubebea, na kubeba nimebeba. Wewe ukae hapa umngoje mama yako. Naona unalelewa."

Akajitwika mzigo wake, akaenda. Nilisimama langoni nikimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya barabara, na machozi yananitoka bila aibu yoyote.

Mtoto alikuwa na shida nyingine. Aliingia jikoni, akapaangalia mahali kapu lilipokuwa, akarudi mbio.

"Baba, bibi ameondoka na kapu letu! Sasa nani atapika?"

Nikamnyanyua juu kabisa mpaka akapiga kelele.

"Baba," nikamwambia. "Baba ndiye atakayepika."