Ujumbe Tuliotaka Uwe wa Uongo

Mwaka ule nilijifunza kutoamini. Ndiyo kazi yenyewe ya somo nililochagua: usalama wa mitandao ni kumshuku kila anayebisha hodi mpaka aonyeshe yeye ni nani. Chuoni Lubumbashi tulijifunza hayo kwa shida. Umeme ukiwepo tunawasha ruta, ukikatika profesa anaichora ubaoni kwa chaki na sisi tunajifanya inawaka. Wenzangu walikuwa wanaota kazi za mitambo kwenye migodi, kule upande wa Kinsevere, ambako jenereta hazizimi. Mimi sikuwa naota kitu. Goma, kwetu, ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi, na baba yangu na kaka yangu walikuwa humo ndani.

Nilikaa mtaa wa Hewa Bora kwa baba mdogo, mdogo wake baba. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, maharagi na vitunguu vya Kivu, tangu mimi sijazaliwa. Sasa malori hayakuja tena. Bado alikuwa anafungua depo yake kila asubuhi, anafagia sakafu tupu, anaketi mlangoni na redio sikioni. Akirudi nyumbani, ole wako umuulize habari za barabara.

Ndipo watu wa mtaani wakaanza kuniletea simu zao. Waliokimbia vita walikuwa wameangusha simu njiani, wezi wakaziokota na kuwaandikia ndugu wa wenye simu: niko hospitali, nisaidieni haraka. Wezi wenyewe walijua majina ya watoto, mpaka ya wachungaji. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa barazani nikichunguza ujumbe mmoja baada ya mwingine, na mke wa baba mdogo, niliyemwita mama mdogo, mzaliwa wa Lubumbashi ambaye babu zake walitoka Kasai, alikuwa ananitania kutoka jikoni kila watu wa simu walipobisha:

"Madame police ya telefone! Bantu yako bamefika."

Nakiri nilipenda jina hilo. Ilikuwa furaha pekee niliyokuwa nayo, kumwambia mama fulani: huyu si mwanao, usimjibu.

Mchana mmoja wa mvua baba mdogo alirudi mapema kutoka depo. Hakuvua viatu. Alinipa simu yake, na nikasoma ujumbe uliotoka kwenye namba ya nchi jirani, ambayo watu wengi wa Goma huitumia kwa kuwa mpaka uko karibu: "Ni mimi, mutoto ya kaka yako. Natumika na telefone ya jirani. Papa iko mugonjwa sana. Mujikusanye, mukuje."

Lazima nieleze hapa. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Aliye mbali haambiwi kwamba mtu wake amekufa. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, aje, ili njia ipate kumtayarisha na akifika akute watu wa kumshika. Waswahili husema mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tunafanya kinyume, kilio ndicho tunakificha ndani ya maradhi. Kila mtu mzima anajua. Na kila mtu mzima anajifanya hajui, maana mara chache, mara chache sana, mgonjwa huwa mgonjwa kweli.

"Hii iko ya bongo," baba mdogo alisema, yaani ya uongo. "Bamwizi banaandikaka vile. Weye njo unasomaka hii mambo. Angaria muzuri, mama, utuonyeshe kama iko bongo."

Mama mdogo alitoka jikoni na unga vidoleni, akasimama nyuma yetu.

Nilikuwa nimewafukuza wezi wengi pale barazani. Siku ile nilimtaka mwizi. Nilimwomba Mungu anipe mwizi, hata awe mjanja kiasi gani, mradi awe mwizi.

Nilianza kama tulivyofundishwa. Nilipiga: iliita mara moja ikakatika. Niliomba ujumbe wa sauti: ukakwama njiani, mtandao wa kule ulikuwa unapumua kwa taabu. Nikafungua picha ya mwenye namba, nikaona mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ambaye hatukumjua.

"Unaona?" mama mdogo akasema haraka. "Si yeye."

Lakini alikuwa ameshatuambia simu ni ya jirani. Na kuna jambo lililokuwa linanitisha tangu nilipousoma ule ujumbe, sikulisema: hakuwa ameomba chochote. Mwizi huomba.

Ikabaki njia moja, kuuliza kitu ambacho hakijaandikwa popote. Baba yangu hakuamini neno la siri. Alikuwa anasema lililo kichwani hutoka mdomoni. Kwa hiyo kabla ya kulala alikuwa anaizamisha simu yake ndani ya gunia la maharagi chumbani, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko, kisha analifunga. Mimi na kaka tulicheka mpaka machozi. Nje ya sisi watatu hakuna aliyejua, hata baba mdogo hakujua.

Nikaandika: "Papa analalishaka telefone yake wapi?"

Tuliona anaandika, akaacha. Akaandika tena, akaacha tena. Moyo wangu ukaruka kwa furaha: anababaika, nikasema, hajui! Baba mdogo alicheka kwa sauti kubwa.

Jibu likaingia. "Mu gunia ya maharagi. Na weye, kama ni weye kweli: siku tuliitoboa ile gunia, tulisema ni nani?"

Nikaelewa kwa nini alikuwa anasita. Kule pia kulikuwa na wezi na watu wabaya kuliko wezi, naye pia alikuwa ananiogopa. Profesa alitufundisha kwamba ulinzi kamili ni pande zote mbili zithibitishe. Alichora mishale miwili ubaoni, mmoja unakwenda, mwingine unarudi, nami nilipata alama nzuri kwenye somo hilo.

Niliandika: "Panya."

"Ni weye," akajibu. "Ndugu yangu."

"Ni yeye?" mama mdogo aliuliza.

"Ni yeye."

Hakuna aliyelia. Baba mdogo alisema, "Basi iko mugonjwa," kama mtu anayerudia neno la kigeni. Kisha akaingia sebuleni, akakamata kochi peke yake, akaanza kulitoa nje uani, halafu viti, halafu meza, ili wanawake wa mtaani watakaokuja wapate nafasi ya kuketi chini. Mama mdogo alikuwa tayari anafungua kilemba chake.

Nilikuwa bado nimeshika simu. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, barabara zilikuwa za wenye bunduki, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kufika. Kaka yangu alilijua hilo kuliko mimi.

"Umuambie Papa tunakuja," nikaandika.

Akajibu: "Nitamuambia."