Baiskeli Yangu Juu ya Mayai ya Mbasa

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe sijafika miaka thelathini, kwa sababu aliyenikaripia siku hiyo aliniita hivyo, na tangu hapo sijapata neno jingine la kuanzia habari hii. Wewe unayejiandaa kwenda chuo, au umerudi nyumbani na cheti chako unasubiri kazi, kaa kidogo unisikilize.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache nyuma. Nyumbani kwetu Ipinda walishanichoka. Nilimuuliza mchungaji maswali mpaka akaanza kubadilisha njia akiniona, na baba nilimsumbua kila siku kwa nini kakao anaianika hivi na si vile. Ili nisikae bure, nikaanza kuchora ramani ya hifadhi ndogo za vijiji kando ya ziwa: wapi mgeni apite kwa baiskeli, wapi ashuke atembee, wapi asiguse maji kwa sababu ya mamba. Niliamini wageni wakija, vijana wa huku watapata kazi ya kuwaongoza. Hilo naliamini hadi leo.

Mwishoni mwa masika nikafika kwenye mto mmoja unaoshuka milimani na kuingia ziwani, si mbali na Matema. Pale njia inapokutana na mto, maji yametanuka, hayafiki hata magotini, na chini ni changarawe tupu. Ungesema pametengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Lakini palikuwa pamezungushiwa kamba ya migomba, na watu wote walipanda juu kidogo wakavukia kwenye ulalo, mti mmoja mrefu uliolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Wanawake walipita juu yake na ndoo kichwani kana kwamba wako barabarani.

Kando alikaa mvuvi kijana, Lusajo, anashona wavu wake. Nikamuuliza kwa nini pamefungwa. Akasema ni makubaliano ya kijiji. Nikataka sababu ya makubaliano. Akasema anayeweza kueleza vizuri ni Mama Tumpe wa kamati ya mto, ila yuko shambani anavuna kakao, mchana atakuwa amerudi, nimsubiri. Nikamjibu kwamba sheria ambayo anayeifuata hawezi kuieleza si sheria, ni mazoea tu.

Alinitazama, akaitazama baiskeli.

"Dada, kwani huko chuo hawakuwafundisha kubeba baiskeli?"

Kiburi kikanipanda. Niliinua kamba, nikaendesha hadi ng'ambo. Nikarudi, maana nilitaka picha ya gurudumu likirusha maji. Picha haikutoka vizuri, nikavuka tena. Mara tatu, mwanangu, Lusajo akiendelea kushona wavu wake.

Nilidhani swali lisilojibiwa papo hapo halina jibu. Kosa hilo ni letu sisi tuliosoma. Baba yangu, aliyeishia darasa la saba, asingelifanya, kwa kuwa anajua mwenye jibu anaweza kuwa shambani.

Niliacha baiskeli ng'ambo nikafuata ufukwe kwa miguu hadi kwenye matete, nikaandika aina za ndege na mahali penye kivuli. Niliporudi mchana nilikuta kamba imekatwa. Pikipiki mbili zilikuwa zimeshapita, na vijana watatu walikuwa wanatega wavu katikati ya changarawe. Mama mmoja wa makamo amesimama majini, kitenge amekikunja juu ya magoti, anawaomba watoke. Walimjibu kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Walisema dada wa chuo kapita mara tatu, na kama pangekuwa na madhara, yeye angejua.

Ni Lusajo aliyeniambia nilichokuwa nimeharibu. Kwa miaka miwili Mama Tumpe alikuwa akibishana na watu ili mahali pale pafungwe kila masika, na Jumamosi ile mkutano wa kijiji ulikuwa uamue kama paendelee kufungwa au pafunguliwe kwa nyavu. Wasiotaka walikosa hoja. Sasa hoja yao ilikuwa mimi.

Mama Tumpe, ndiye yule aliyesimama majini, aliniita, akaniambia nivue viatu niiname karibu naye. Aliinua jiwe moja polepole. Katikati ya changarawe palikuwa na mayai madogo, yanang'aa, ya mbasa, samaki wanaopanda kutoka ziwani kuja kutaga. Akainua jingine, penye alama ya gurudumu. Pale mayai yalikuwa yamepondeka, meupe kama uji.

"Umeuliza vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa mbona hukukaa usikie?"

Machozi yalianza kunitoka, akanikatiza.

"Kulia utalia kwenu. Jumamosi njoo useme mwenyewe, mbele ya hao hao waliokuona."

Sitakudanganya kwamba nilikwenda kwa ujasiri. Niliendesha kutoka Ipinda natamani mnyororo ukatike. Lakini mkutanoni nilisimama, nikasema nilipita kwa sababu ya kiburi na si kwa elimu, na nikaeleza nilichoonyeshwa. Mzee mmoja akauliza kama hata wenye shahada huwa wanakosea, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaomba tutembee wote hadi kwenye ulalo. Walikwenda kwa makundi, wakasimama juu ya mti ule wakatazama chini. Mbasa walikuwa pale, migongo yao ikipinda dhidi ya mkondo. Wapo waliovua samaki hao ziwani maisha yao yote na hawakuwahi kuwaona wakitaga.

Mikono ilipohesabiwa, waliotaka pafungwe waliwazidi wenzao kidogo tu. Miongoni mwa waliotaka pafungwe alikuwamo mmoja wa wale vijana wa wavu. Mama Tumpe alinishika mkono, akasema "ndaga", asante ya kwetu, akaenda zake kwenye kakao. Baadaye mwaka ule nilimkuta pale mtoni akiwaonyesha watoto wa shule vifaranga vya samaki, vyembamba kama sindano, vinateremka kuelekea ziwani.

Basi, mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Uliza kila kitu, uliza na wakubwa, uliza hata wakikuona msumbufu. Ila ukishauliza, keti. Jibu likichelewa, subiri bila kugusa kitu. Na ukikosea mbele ya watu, usiende kutubu chumbani; rudi kwa watu wale wale, kwa sababu kuna wanaokuiga bila wewe kujua.

Mungu akupe miguu isiyochoka na njia ndefu za kutembea. Akukutanishe na watu watakaokukaripia mapema, na akupe moyo wa kuwapenda. Nchi utakazopita zibaki nzima nyuma yako.